Aliyeulizwa Nilikuwa Mimi

Shangazi Time alipofariki tulingoja arobaini ipite, ndipo tukafungua sanduku lake la nguo. Sanduku lile sisi watoto wa nyumba ya Gando tulikuwa haturuhusiwi hata kuliegemea. Kifuniko kilipoinuka harufu ikatupiga wote usoni: udi, asumini iliyokauka, na karafuu, maana Shangazi alikuwa akitia karafuu katika kila kitu kinachofungwa, akidai kwamba mende wa Pemba hawaogopi dawa ya dukani. Tulikuwa wanawake tupu, tumekaa mkekani uani, machozi yameshakauka, tumeingia katika ile hali ya baada ya msiba ambapo watu hucheka upesi kuliko kawaida yao.

Binti wa ami yangu akachomoa kanga moja kuukuu, akaitikisa.

"Mize! Si hii uliyofunikwa siku ile?"

Ndiyo yenyewe. Wote wakaanza kunidai kisa. Kisa hicho ni mali yangu. Katika ukoo wetu sijahudhuria harusi bila kulazimishwa kukisimulia, na huko kulazimishwa ni jina tu, kwani mdomo wangu hauhitaji kusukumwa. Kinachekesha. Kina mtoto aliyekaribia kumwoza dada yake kwa bahati mbaya, kina shangazi mkali, kina mbio mpaka msikitini. Nimekisimulia tangu nina mapengo. Nikakisimulia tena siku ile, nikaigiza sauti ya kila mtu, wanawake wakashika mbavu. Lakini dada yangu Zuwena, ambaye miaka yote hucheka pamoja na wengine, safari hii hakucheka. Tulipobaki wawili aliniambia maneno machache, na tangu hapo nimekaa kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda. Nakieleza upya hapa, safari hii pamoja na yale niliyokuwa siyajui.

Zuwena alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, wavulana na wasichana, na amechaguliwa kuendelea na masomo Unguja, kwenye skuli yenye dakhalia, wanafunzi wakilala huko huko. Nyumbani habari hiyo ilipokewa kwa mashaallah nyingi na sambusa. Watu walikuja kumpongeza Baba. Lakini niliona, kwa jinsi watoto wanavyoona bila kuelewa, kwamba hakuna aliyetaja safari. Hakuna aliyeuliza begi litanunuliwa lini. Sambusa zikaliwa zikaisha, na mambo yakaishia hapo.

Baada ya muda mfupi wakaja wageni waliovaa kanzu zilizopigwa pasi, wakakaa barazani na Baba. Walikuwa wamekuja kumposea Hamad, kijana wa Wete mwenye duka la vifaa vya umeme. Hamad hakuwa na kasoro, na nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa tabu yenyewe, kwa sababu mtu asiye na kasoro utamkataa kwa sababu ipi? Baba yangu, Mzee Faki, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Waliogombana mipaka ya mashamba walikuja kwake. Msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele. Akasema ndiyo palepale barazani, kahawa haijapoa, na Zuwena akaambiwa jioni akiwa anachuja tui.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka tulivyolelewa. Mtoto wa kike akicheka azibe mdomo. Akikaa akunje miguu. Mgeni akimuuliza kama anataka chai, anyamaze, mama yake ndiye ajibu. Na ukiulizwa jambo kubwa, kubwa la kweli, basi hapo ndipo ulipotakiwa kunyamaza mpaka watu wasikie moyo wako unavyopiga. Kunyamaza ndiyo ilikuwa hati ya malezi mema. Zuwena alikuwa hodari wa hayo yote. Mimi nilikuwa mbovu kabisa. Shangazi Time alikuwa akiniita Redio, na kila nikipewa adhabu ilikuwa kwa neno nililolisema pasipotakiwa. Mwana wa kike ni stara ya nyumba, Shangazi alikuwa akiniambia huku akinivuta sikio, na wewe huna stara hata ya kusitiria kijiko.

Sasa najua Zuwena alikuwa na nini moyoni. Chuoni kwetu, tulikosomea Kurani, mwalimu aliyewafundisha wasichana wakubwa alifika siku moja kwenye masuala ya ndoa. Akawaambia kwamba mwari huulizwa, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ameridhia. Ila akisema sitaki, ndoa haifungwi, hata baba yake awe nani. Wenzake walichekeana kwenye mitandio. Zuwena hakucheka. Alilichukua lile suala akalificha. Hakugombana na mtu. Mara moja tu alijaribu kumwambia Mama, na Mama akamjibu huku akichambua mchele, "Usiniambie mie hayo, mwanangu. Mie nimo humu humu." Basi akaamua atakubali kila kitu: hina, singo, kanga mpya, nasaha za wazee. Atavumilia mpaka lifike lile swali moja ambalo hakuna aliyeweza kuliruka. Kwa swali hilo atasema sitaki, na Unguja atakwenda.

Mimi nilichokiona ni hiki. Nilimfuata kisimani siku moja nikamkuta ameinamia ndoo tupu, ameingiza uso wote ndani, anasema kitu. Anasema, ananyamaza, anasema tena. Nikadhani anacheza na mwangwi. Nikamwomba na mimi, nikaingiza kichwa nikaita jina langu, na sauti ikanirudia nzito kama ya mwanamume. Nilifurahi sana siku ile. Ilinichukua miaka yote hii kujua kwamba dada yangu alikuwa anajifundisha kusema neno moja, kwa sababu hajawahi kulisema mbele ya mtu mzima na hakujua sauti yake itatokaje.

Siku ya ndoa nyumba ilijaa tangu asubuhi. Zuwena alikuwa chumba cha ndani, amesuguliwa singo kwa siku kadhaa mpaka ngozi yake ikawa inang'aa, mikono na miguu imejaa hina na piko. Chumba kizima kilinuka mawaridi na mdalasini hata pua ikachoka. Kazi yangu ilikuwa kumpepea. Jasho lilikuwa likimtoka juu ya mdomo, na mimi nikidhani ni joto nikazidisha kupepea. Shehe alitarajiwa baada ya alasiri. Atakuja na Baba na mashahidi, watasimama nje ya pazia, atauliza, kisha wanaume watarudi msikitini kufunga ndoa.

Mara mvua ikaanza kujikusanya, na nje kukawa na zogo: watu wa Wete wamefika na sanduku la bi harusi. Wanawake wote wakamiminika kwenda kuangalia alicholetewa. Tukabaki sisi wawili. Zuwena akajishika tumbo.

"Mize, tumbo linanikata. Nataka kwenda chooni."

Choo kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya migomba, na mwari siku hiyo haonekani uani. Wangemrudisha kwa makelele. Akaniangalia, akaangalia mlango, kisha akafanya jambo ambalo angelifanya msichana yeyote wa kwetu mwenye akili. Akanikalisha pale alipokuwa amekaa yeye, akanifunika ile kanga gubigubi kama alivyofunikwa.

"Kaa hapa. Ukisikia watu, usiseme neno. Nnakuja sasa hivi."

Akachukua buibui la mtu lililotundikwa ukutani, akatokea mlango wa nyuma.

Chini ya kanga kulikuwa na joto na harufu yake yeye. Mwanga uliingia kidogo kidogo kwenye nyuzi. Mimi, Redio, nilikuwa mwari! Nikakunja miguu. Nikainamisha kichwa vile nilivyomwona akiinamisha. Wanawake wakarudi, wakakaa kunizunguka, wakisifu vitambaa. Shangazi Time akaja kukaa karibu yangu kabisa. Nilimjua kwa kuhema kwake. Akaweka mkono juu ya goti langu. Nilijizuia nisicheke, maana niliona nimemdanganya mtu asiyedanganyika.

Kisha, nje ya pazia, viatu vikasimama. Mtu akakohoa. Shehe alikuwa ameharakisha kabla mvua haijashika.

"Zuwena binti Faki," akasema, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Baba yako anataka idhini yako akuozeshe kwa Hamad bin Juma, kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhia?"

Nataka mnielewe nilivyoelewa mimi. Sikudhani hata kidogo kwamba jambo linafanyika. Nilidhani ni ule mtihani wetu wa siku zote, mtu mzima anauliza na mtoto wa kike ananyamaza, na kwamba hatimaye, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nitaufaulu. Shehe akauliza mara ya pili. Nikanyamaza. Mkono wa Shangazi ukanibana goti. Akauliza mara ya tatu. Nikanyamaza kwa nguvu zangu zote, nimeuma meno, nikiona fahari ambayo sijawahi kuiona skuli wala chuoni.

"Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake," akasema Shehe. Vigelegele vikapasuka mle ndani mpaka masikio yakaniuma, na viatu vikaondoka.

Zuwena alivisikia vigelegele akiwa chooni. Hilo pia nimelijua sasa. Alikuja mbio, buibui limemteremka, akasimama kwenye mlango wa nyuma na kopo la maji bado liko mkononi.

"Kaulizwa nani?"

Nikatoa kichwa kwenye kanga nikicheka, nikingoja kelele. Nilitaka waseme masikini, mtoto huyu ametutia kiini macho! Nilitaka wapige kifua, wacheke, waanguke. Hakuna aliyeshtuka. Niliwaangalia mmoja mmoja, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama: kitambaa, pete, ukuta. Hapo aliyeshtuka nikawa mimi.

"Kaulizwa mwari," alisema Shangazi Time.

"Mwari ni mie."

"Basi kaulizwa wewe."

Zuwena akaja akanishika mkono, akauinua juu mbele yao wote. Mkono wangu wa kitoto, mkavu, una alama za wino wa skuli.

"Huu una hina? Hamkuuona?"

"Tumeuona," Shangazi akasema, wala hakupandisha sauti. "Na miguu tumeiona. Watu wanangoja msikitini, mvua yaja. Na ungekuwapo ungesema nini? Ungenyamaza vivyo hivyo. Kimya ni kimya, Zuwena. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika. Baba bado yuko njiani."

Akageuka kutoka. Wakamzuia mlangoni. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimshika kwa mapenzi, huku wakimwita mwanangu, mama, tulia, utaharibu hina. Nimeona watu wakigombana maishani mwangu lakini sijaona kitu kilichonitisha kama ile mikono mingi ya wanawake ikimshika mtu kwa upole asiweze kutoka. Zuwena akanitazama juu ya mabega yao.

"Mize," akasema. Jina langu tu.

Mimi nilielewa kwa njia yangu. Darasani, mwalimu akimwita mwenzako na wewe ukajibu, unakuwa umemwibia zamu yake. Nilidhani analilia zamu. Leo ndiyo siku yake, kangoja swali lake, na mimi nimelijibu. Ilikuwa haki arudishiwe. Nikapenya chini ya mikono yao nikakimbia.

"Mtoto wa kike wendapi!" Shangazi alipiga kelele nyuma yangu. "Mshikeni huyo!"

Mama alikuwa kwenye mlango wa ua, anapika pilau, na sufuria kubwa imeziba njia. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa makuti hauzuii neno. Nilisimama mbele yake nikihema, nikijua nimekamatwa. Mama hakuniuliza naenda wapi. Alishika masikio ya sufuria kwa vitambaa vya mkononi, akaivuta pembeni na moto unawaka, akainama kuchochea kuni kana kwamba hajaniona. Nikapita.

Mvua ilinikuta njiani. Msikitini wanaume walikuwa wamejaa mpaka barazani, marashi yao yamechanganyika na harufu ya kahawa. Baba alikuwa katikati, anatazamana na Hamad, na mikono yao ya kulia imeshikana tayari. Shehe alikuwa anasoma khutba. Mtoto wa kike hakuwa na shughuli mlango ule. Nikasimama kizingitini, maji yananichuruzika, nikapaza sauti yangu yote, ile ile iliyokuwa ikinipatia adhabu.

"Baba! Aliyeulizwa ni mie!"

Shehe akanyamaza.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Zuwena alikuwa chooni. Mie ndo niliyefunikwa."

Kijana mmoja barazani akapasuka kucheka, wengine wakamfuata. Shehe hakucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia Baba.

"Mzee Faki, mwachie mkono."

Baba hakuuachia. Nilimwona. Alikuwa ameukaza mkono wa Hamad mpaka vidole vimebadilika rangi, na Hamad mwenyewe anajaribu kuuchomoa taratibu asimvunjie heshima mkwewe. Shehe alilazimika kusema tena, safari hii kwa sauti ya kumwamuru mtoto, "Faki. Mwachie." Sikuwahi kusikia mtu akimwita Baba bila Mzee.

Tukarudi nyumbani kwa miguu katika mvua, Shehe mbele, mashahidi nyuma, Baba katikati. Mlangoni pa msikiti hakuvipata viatu vyake katika rundo la viatu, wala hakungoja kuvitafuta. Baba yangu, ambaye hatukuwahi kumwona peku hata uani kwake, alipita kijiji kizima na tope limempanda mpaka magotini, kanzu nyeupe imemgandia mwilini. Watu walitoka milangoni kutazama. Mimi nilimshika ncha ya kanzu nikiruka madimbwi. Nilikuwa na furaha kubwa.

Nyumbani Zuwena alikuwa amerudishwa mahali pake. Pazia likashushwa. Safari hii mimi nilikuwa upande wa wanaume, kando ya Baba, na ndiyo sababu niliyaona ambayo wanawake hawakuyaona.

"Zuwena binti Faki," Shehe akasema. "Shaka imeingia. Leo kimya sikipokei. Nataka neno lako mwenyewe, lolote litakalokuwa, na hapana atakayekulaumu. Umeridhia kuozeshwa Hamad bin Juma?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimwona Shehe amefumba macho, anasikiliza kweli. Pazia likatikisika kidogo pale Zuwena aliponyanyua kichwa. Nikasikia akivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayetaka kusema.

Hapo Baba akasogea. Akaweka kiganja juu ya kitambaa cha pazia. Maji yalikuwa yakimtoka ndevuni na sikuweza kujua yote ni ya mvua. Sauti iliyomtoka sikuijua. Si ile ya barazani wala ya msikitini. Ilikuwa ndogo.

"Zuwena, mama," akasema. "Watu wote wamenitazama. Nisitiri."

Ile pumzi ilikaa ndani yake.

"Nimeridhia," akasema dada yangu, kwa sauti safi iliyosikika mpaka uani.

Nikapiga makofi! Nawaambieni nilipiga makofi. Kapata zamu yake, kajibu mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi ndiye niliyemletea. Vigelegele vikarudi, mara hii virefu zaidi. Shehe alibaki amesimama kidogo baada ya wengine kugeuka, kama mtu aliyesahau kitu, kisha naye akaenda. Shangazi Time akatoka akasema mbele ya wote, "Huyo kalelewa. Mmesikia? Huyo kalelewa." Akanipa kipande cha halua kikubwa kuliko cha mtu yeyote, na hakunivuta sikio kwa wiki nzima. Ndoa ikafungwa kabla ya magharibi. Nafasi ya Unguja ilikwenda kwa mtoto wa watu wengine, na sikumsikia mtu akiitaja tena.

Hicho ndicho kisa nilichokuwa nikichekeshea watu harusini. Mara ngapi nimekisimulia Zuwena akiwa amekaa pale pale, anamenya vitunguu, anatabasamu? Niliigiza mpaka ile sauti ndogo ya Baba. Watu waliipenda sana sehemu hiyo.

Siku ya sanduku, wenzetu walipoondoka na mafungu yao ya nguo, tulibaki uani tunaosha masinia. Nikamtania kwamba leo amenuna, au amelikosa gauni alilolitaka. Akaendelea kusugua.

"Mie nilikuwa niseme sitaki, Mize," akasema.

Nikacheka. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Akanieleza yote: mwalimu wa chuoni, jibu la Mama, ndoo ya kisimani. Aliyasema kama mtu anayetaja bei za sokoni. Mikono yangu ikabaki ndani ya maji. Nikataka kusema samahani, lakini samahani kwa lipi? Kwa kukimbia? Kwa kupiga makofi?

"Lakini ulisema umeridhia," nikamwambia. "Shehe alikupa ruhusa. Alisema hapana atakayekulaumu."

"Alisema."

"Basi?"

Akaweka sinia chini. Mikono yake sasa ni ya mwanamke mzima, ina makovu ya mafuta ya moto. Hamad hana ubaya, akasema, usije ukamfanyia ubaya Hamad kwa ajili hii. Wamezaa, wamelea, wanaoza watoto. Si habari ya Hamad.

"Hasira za baba nilijitayarishia," akasema. "Akinipiga, nilijua nitasema. Akininyima radhi, nilishajipangia la kumjibu. Akinifungia ndani, na anifungie. Usiku na mchana nilijifunza kugombana naye, na hajui. Nikaona miguu yake chini ya pazia, ina tope. Akaniomba. Mtu mzima yule, Mize, baba, ananiomba mie. Kuombwa sikujitayarishia. Nani alitufundisha kumkatalia mtu anayetuomba?"

Mimi, ambaye nimesema katika kila shughuli ya ukoo wetu, nikachukua sinia jengine nikalisugua. Nilikuwa nikiwaza kwamba wanawake wale wa chumbani walimshika mikono nikawaponyoka mimi kwa niaba yake, na Shangazi alipoamuru nikamatwe Mama alinipisha, na Shehe alimpa neno. Vyote vile alivishinda. Kilichomshinda ni yule baba tuliyempenda, na neno moja.

"Mbona hukuniambia miaka yote?" nikamuuliza.

"Ningekwambia n'ni? Wewe peke yako ndiye uliyekimbia kwa ajili yangu."

Ndani, Baba akakohoa. Sasa ni mzee sana, haoni vizuri, anashinda kitandani na redio yake ndogo. Tulikuwa mabinti zake wawili uani, na wajukuu wa kike wamejaa nyumba nzima, yeyote angeweza kumpelekea maji ya kutawadha.

"Zuwe..."

"Labeka, baba," akaitika dada yangu, jina lake halijamalizika, na alikuwa ameshanyanyuka.